Kikombe Kisichoonjwa

Kijijini, Njombe
14 Januari 2024

Mwanangu Aloyce,

Tumsifu Yesu Kristo. Kamwene, wewe na mkwe wetu Oktavia. Huku hatujambo. Mvua zimekubali, viazi vimechanua, na yule mnunuzi wa kila mwaka amekwisha kupita kuulizia. Anataka lumbesa kama kawaida yake, gunia lenye kilemba. Nimemwambia kilemba akavae yeye harusini kwake.

Najua umeshangaa kupata barua kwa mkono wa Enoki, kana kwamba tuko mwaka arobaini na saba. Simu imekuwa adui humu ndani. Nikiishika tu, baba yako anakuja kusimama mlangoni. Anadhani tunamsema, na kwa kweli tunamsema. Juzi nilijificha nyuma ya banda la nguruwe ili nizungumze nawe, akanifuata huko huko, wakawa wananitazama yeye na nguruwe wake. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu. Enoki anapita hapa na Costa yake akielekea Makambako, na karatasi haipigi kelele.

Sasa jambo lenyewe. Tangu tulipompeleka kliniki mwezi wa kumi na moja, baba yako, kaka yangu huyu, anameza vidonge vyake kila usiku mbele ya macho yangu. Analala. Zile sauti zilizomwandama tangu mama yako Flora alipofariki, anasema zimesogea, anazisikia kama watu wanaozungumza ng'ambo ya bonde. Kwa hilo namshukuru Mungu, na yule muuguzi Jackline anayemwita "Mzee Romani" kwa heshima zote.

Lakini Aloyce, niliyerudishiwa si kaka yangu. Ni mtu mwingine amevaa sweta lake. Hanitanii tena, hata nikimchokoza. Msimu wa ulanzi umeanza, mianzi yake bondeni inataka kugemwa asubuhi, mchana na jioni, na yeye, mgema anayejulikana kitongoji kizima, anaota moto jikoni siku nzima. Kisu cha kugemea bado nimekificha tangu siku ile alipotutishia nacho. Kuna watu wananiambia ziko njia nyingine za kumsaidia mtu wa namna hii, pamoja na hospitali. Mimi sijui. Wewe ndiye mwanawe wa kwanza, unasemaje?

Shangazi yako,
Matilda


Makambako
4 Februari 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Milele amina. Barua yako niliipata, nikaisoma dukani katikati ya spea za pikipiki na wateja wanasubiri. Hapa upepo ni ule ule wa Makambako, vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Oktavia anakusalimu sana. Tumbo limekua, anatarajia kujifungua mwezi wa nne, na akiwa hasemi na mimi basi anakula parachichi.

Kuhusu Baba, nimefurahi kwamba analala. Usiku mmoja tu wa usingizi, kwa jinsi alivyokuwa, ni kitu kikubwa. Mengine yatakuja taratibu.

Hizo njia nyingine nazijua, Shangazi. Mama alipougua tulizungushwa kwa waganga mmoja baada ya mwingine, huyu anasema jicho, yule anasema kaburi halijasafishwa, mpaka tulipomfikisha hospitali daktari akasema tumechelewa. Wewe ulikuwepo. Mimi jambo hilo sitaki kulisikia. Vidonge na uvumilivu, basi. Ukiamua kumpeleka huko, usiniambie, maana sitajua la kukujibu na nisingependa kukukosea adabu.

Nimempa Enoki sukari na sabuni zako.

Mwanao,
Aloyce


Kijijini, Njombe
10 Machi 2024

Mwanangu Aloyce,

Kamwene. Sukari imefika, sabuni zimefika, Enoki hakulamba chochote. Mwambie Oktavia asiache parachichi, mtoto atatoka na ngozi nzuri. Mimi nimechaguliwa tena kuwa mwenyekiti wa akina mama kigangoni. Nilikataa mara mbili ili wanibembeleze, nikakubali.

Sasa shika kiti. Baba yako anagema.

Nilimrudishia kisu chake wiki ya kwanza ya Kwaresima. Nilikitoa kwenye pipa la mahindi. Alikipokea, akakijaribu kwa kidole gumba, akasema, "Umekiharibu kwa unyevu, mwanamke wewe." Aloyce, nililia. Mwaka mzima na nusu hajaniita mwanamke wewe. Sasa anashuka bondeni alfajiri, anakata ncha za mianzi, anafunga mbeta zake za kukingia utomvu, anarudi anaimba nyimbo za jando la sijui nani. Jirani amekuja kumwuliza kwa nini mianzi yake mwenyewe imesusa, na kaka yangu akamfundisha nusu siku nzima, kwa maneno mengi.

Usiniulize imekuwaje. Mshukuru Mungu tu.

Jioni nampa kikombe cha mtogwa wake mwenyewe, ule utomvu mtamu wa mianzi, wa asubuhi, tunaowapa hata watoto, halafu vidonge vyake, na analala fofofo. Siku ya kwanza nilipompa alikitazama kikombe, akanitazama na mimi, tena kwa muda. Nikamwuliza kuna nini. Akasema hamna kitu, akanywa chote.

Shangazi yako mwenye furaha,
Matilda


Makambako
14 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Umepata mjukuu wa kike. Amezaliwa Jumanne, ana sauti ya kuita Costa kutoka stendi. Tumempa jina Flora. Niliogopa kidogo kwa ajili ya Baba, lakini Oktavia alisema jina la mtu mwema halifukiwi. Mweleze taratibu.

Barua yako ya Machi nimeisoma mara nyingi, na nimechelewa kuijibu kwa sababu ya kukimbia hospitali na dukani. Wageni walikuja kumwona mtoto, Enoki akaleta ndoo ya ulanzi. Akachota, akanywa yeye kwanza, ndipo akawapa wengine. Oktavia akacheka sana, unajua wao ni watu wa Lupingu, wa ziwani, akauliza huyu mgeni mbona ana kiu kuliko wenyeji. Ikabidi nimweleze kwamba kwetu anayekupa kinywaji anaonja kwanza mbele yako, ili ujue mkono wake ni safi. Akasema basi kuanzia leo na mimi nionje uji wake.

Jambo moja dogo. Enoki ananiambia mwezi wa pili alikodiwa kupeleka watu msibani Mlangali, na alikuona stendi ya huko, wewe na Baba. Labda na ninyi mlikwenda msibani. Nauliza tu.

Mwanao,
Aloyce


Kijijini, Njombe
28 Aprili 2024

Mwanangu Aloyce,

Hongereni sana, baba na mama Flora. Nilipomwambia kaka yangu jina la mtoto, akasema, "Basi amerudi akiwa mdogo, nimlee mimi." Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kama kawaida.

Mlangali tulikwenda kutafuta mbegu ya maharage. Wanasema ya huko inahimili baridi.

Nina wasiwasi, ndiyo maana naandika kabla ya kuvuna. Baba yako amekuwa mzito. Asubuhi namwamsha mpaka nachoka. Anatembea mikono imekakamaa, mate yanamtoka, na Jumapili alisinzia misani mpaka akamwangukia mzee Ezekia begani. Juzi alianguka bondeni na mbeta mbili zikamwagika. Naona vidonge vile vina nguvu mno kwa umri wake. Zungumza na muuguzi Jackline, wewe una namba yake na unajua kusema na watu wa ofisini.

Shangazi yako,
Matilda


Makambako
12 Mei 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mtoto anaongezeka uzito, Oktavia naye amerudi kwenye cherehani.

Nimezungumza na Jackline. Aliniuliza mambo mawili: je, Mzee anakunywa pombe, na je, kuna dawa nyingine yoyote anayotumia, hata ya miti shamba. Alisema swali la pili huwa anaulizia bila ubaya, watu wengi wanatumia, na yeye hamfukuzi mtu kwa ajili hiyo, anataka tu kujua. Nikamjibu hapana kwa yote mawili. Nilijibu sawa, Shangazi?

Amesema umpeleke Jumatano daktari amwone. Huenda wakapunguza dozi. Watakuuliza tena maswali yale yale. Kama kuna jambo, waambie wao, hata kama mimi huniambii.

Mwanao,
Aloyce


Kijijini, Njombe
23 Juni 2024

Mwanangu Aloyce,

Kamwene. Baridi ya mwaka huu si ya mchezo, asubuhi majani ya viazi yanakuwa meupe kwa barafu. Nguruwe jike amezaa, wawili wamekufa.

Kliniki tulikwenda ile Jumatano uliyosema. Niliulizwa, nikajibu kama ulivyojibu wewe. Pombe hatumpi. Daktari akamwandikia nusu ya vile vidonge, na kwa majuma kadhaa alikuwa vizuri kabisa, mwepesi, ana akili zake.

Sasa mianzi imekauka, msimu umekwisha, na kaka yangu halali. Nasikia anatembea jikoni. Jana alikataa uji wangu, na leo anajipikia viazi mwenyewe kwenye sufuria aliyoiosha mara tatu. Labda ni baridi tu.

Ukipata nafasi njoo. Si lazima iwe kesho.

Matilda


Makambako
11 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo.

Barua yako ya Juni nimeipata Agosti. Gari la Enoki lilikuwa gereji na bahasha ilikaa chini ya kiti chake. Kwa hiyo nimesoma "si lazima iwe kesho" wakati Baba amekwisha kulala wodini majuma mawili na nimekwisha kumleta hapa kwangu.

Sitaki kurudia uliyoyaona mwenyewe, lakini sitaacha kuyaona. Alfajiri ile ya Julai ulipomkuta bondeni, miguu mitupu kwenye barafu, anagema mianzi mikavu mpaka vidole vimechanika, nilifika nikamkuta bado anarudia maneno yale yale: "Nitajigemea mwenyewe. Nitakunywa changu." Homa ya mapafu imepona. Sauti zimerudi karibu, si za ng'ambo ya bonde tena. Daktari anasema zitachukua muda kuondoka, na hawezi kuahidi kwamba zitaondoka kama mara ya kwanza.

Kinachoniuma ni kwamba nilisikia habari ya Mlangali pale wodini, Jackline akikuuliza na wewe ukimjibu kwa sauti ndogo, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakisikiliza. Kwa nini wao walisikia pamoja na mimi? Sasa naomba unieleze mwenyewe, kwa maandishi, yote.

Aloyce


Kijijini, Njombe
1 Septemba 2024

Mwanangu Aloyce,

Tumsifu Yesu Kristo. Sikuulizi habari za huko, nina aibu ya kuziuliza. Nakueleza ulichotaka.

Mwezi wa pili nilimpeleka Mlangali kwa bibi mmoja anaitwa Yunis. Si wa hirizi na kuku mweusi. Alimkalisha kaka yangu kibarazani akamsikiliza mchana kutwa, akamwacha ataje habari za mama yako kwa mara ya kwanza tangu tulipomzika. Nami nilikaa nikasikia. Mwisho akaniambia mambo matatu. Kwanza, mrudishie mtu kazi yake. Pili, akanipa unga wa mzizi wa kumtuliza, achanganyiwe kwenye mtogwa mbichi wa asubuhi, anywe mgonjwa peke yake, mzima asiuguse. Tatu, vidonge vya hospitali tusiache, na hospitali tuwaambie. Alisema, "Dawa mbili zikikutana tumboni hazijatambulishwa, zitapigana."

La kwanza nilitekeleza, na uliona furaha yangu. La tatu sikulitekeleza. Ningemwambiaje Jackline? Kesho angekutana na padri. Mimi mwenyekiti wa akina mama, ninayewasimanga wenzangu kwa kwenda kwa waganga, nionekane nimetoka Mlangali na unga kwenye kanga. Na wewe uliniandikia nisikuambie. Sitakudanganya tena: niliposoma maneno yale nilifurahi kupata ruhusa.

Na la pili nililiharibu kwa haraka zangu. Asubuhi yeye anakwenda bondeni na mimi shambani, kwa hiyo mtogwa wa asubuhi niliuweka chunguni mpaka jioni, nikautia unga, nikampa pamoja na vidonge. Jackline aliponiuliza wodini ulikuwa umekaa saa ngapi, nikaona mwenyewe ujinga wangu. Nimezaliwa kwenye nyumba ya wagema. Hakuna asiyejua kwamba mtogwa wa asubuhi jioni ni ulanzi unaolevya. Lakini kwangu mtogwa ni mtogwa, chakula cha watoto, neno pombe halikunijia kabisa. Nilipomjibu daktari kwamba pombe hatumpi, niliapa kwa moyo mweupe. La unga peke yake ndilo nililolificha nikijua.

Kwa hiyo uzito ule haukuwa wa vidonge. Wakapunguza vidonge kwa sababu yangu, mianzi ikakauka, kikombe kikaisha, akabaki na nusu ya kinga katika baridi ile. Nimeyapanga haya kichwani kila siku, na kila nikiyapanga yanaishia kwangu.

Nilirudi Mlangali kumwambia Bibi Yunis. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu, kama niliwaambia hospitali.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nipe hata habari zake.

Matilda


Makambako
20 Oktoba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Flora ameota meno mawili. Nimechelewa kwa makusudi, kwa sababu nilitaka kwanza hasira ishuke, na iliposhuka nikakuta chini yake kuna jambo langu.

Enoki hakuniambia tu kwamba alikuona stendi. Alimwona mtu aliyekuelekeza, na akaniambia nyumba mliyoingia. Nilijua tangu mwezi wa tatu, Shangazi. Baba alikuwa anaimba, wewe ulikuwa unaandika barua zenye furaha, na mimi nilikuwa nimekwisha kusema sitaki kusikia. Nikaona ukijisemea mwenyewe itakuwa vizuri, usiposema na mimi sijui kitu. Kisha Jackline akanipigia swali lake, nikiwa nimesimama hapa dukani, na nikamwambia hapana. Wewe ulificha kwa aibu. Mimi sikuwa na aibu yoyote, nilitaka tu kuwa sahihi. Kwa hiyo usiyapange yote yaishie kwako.

Jackline anasema kitu ambacho naona ukijue. Anasema kugema kulimsaidia kweli, na kule kusikilizwa kibarazani pia, hayo hospitali isingeyakataa, ingemshukuru yule bibi. Unga wangeuchunguza au wangemwomba auache, wangeona. Vyote vingeweza kukaa meza moja. Sasa wanampa sindano ya kila mwezi na anakwenda kwenye kikundi cha wagonjwa wenzake, wanalima mchicha. Ananyamaza sana, ila Flora akilia ndiye wa kwanza kunyanyuka.

Chakula anakula akikipika mwenyewe au akimwona Oktavia akikipika mwanzo mpaka mwisho. Nilifikiri ni ugonjwa unaosema. Juma lililopita nikamwuliza kwa nini, akanijibu vizuri, ametulia, na nakuandikia kama alivyosema kwa sababu nimeshindwa kukaa nayo peke yangu:

"Matilda hakuonja. Tangu kikombe cha kwanza alinipa bila kuonja, na nyumbani kwetu haijawahi kutokea. Nilijua kuna kitu ndani. Nikanywa, kwa sababu ni Matilda."

Nikamwuliza kama alidhani ni sumu. Akasema wakati ule hakudhani chochote, alikunywa tu. Ni baadaye, usingizi ulipokatika, ndipo sauti zilipoanza kumwuliza, huyo mdogo wako mbona hakuonja.

Nadhani hilo ndilo linalomsumbua kuliko yote, Shangazi. Sauti nyingine anajua ni za ugonjwa. Hii ni kweli.

Ubatizo wa Flora ni Desemba mosi. Baba hajasema usije. Njoo.

Mwanao,
Aloyce


Kijijini, Njombe
8 Desemba 2024

Mwanangu Aloyce,

Kamwene. Nilifika salama, Enoki alinishusha mlangoni na kuku mliyenipa hakufa njiani. Ubatizo ulipendeza. Oktavia alinipokea vizuri kuliko ninavyostahili, na yule mtoto kweli ana uso wa mama yako, hasa akikasirika. Mvua huku zimeanza. Mianzi ya bondeni imechipua na hakuna wa kuigema. Jirani aliomba, nimemruhusu, isije ikafa.

Kuna jambo sikukuambia nilipokuwa kwenu, na nimeapa kwamba mambo ya kutokukuambia yamekwisha.

Jumatatu asubuhi wewe ulikuwa dukani na Oktavia anamwogesha mtoto. Mimi nilichemsha chai ya tangawizi pale pale mbele ya baba yako, majani aliyaona, maji aliyaona. Nikamimina kwenye kikombe, nikapiga funda la kwanza, kisha la pili, makubwa, ili ayaone yakishuka. Nikampa kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa na mama yetu. Nikamwambia, "Kaka, nimeonja."

Alikipokea. Akakishika muda mrefu, anakitazama na kunitazama, kama ile siku ya kwanza. Nilifikiri atakunywa, Aloyce, niliona midomo yake inakaribia. Halafu akakiweka chini ya kiti, polepole, chai isimwagike.

Akasema, "Wakati ule hukuonja, nikanywa. Leo umeonja, na nashindwa. Sijui ni ugonjwa, sijui ni mimi."

Alikuwa na huruma usoni. Nilitamani angekuwa na hasira. Sikumbembeleza. Tulikaa tu pale tukimsikiliza Flora akipiga maji kwenye beseni. Alipoitwa kumshika mtoto aliondoka. Nikakichukua kile kikombe nikanywa chai yote iliyobaki, ilikuwa imeshapoa, ndipo nikakiosha na kukirudisha kabatini.

Usimlazimishe kwa ajili yangu. Nitakuja tena Pasaka, na nitachemsha tena.

Shangazi yako,
Matilda